Kona ya Dada: Usiiache Dozi ya Tatu

Leo naanza na ujumbe wa mdogo wangu mmoja wa Tanga, maana tangu niusome sijatulia. Ameandika hivi: "Shikamoo dada. Nilichanja homa ya ini B dozi mbili. Sasa kwenye grupu letu la WhatsApp kuna sauti inazunguka, mtu anasema kirusi kimeshajibadilisha, chanjo haikijui tena, unayechanja unatupa hela. Nimeamua kuacha ya tatu. Nimekosea?"

Umekosea, mdogo wangu, na nimelisema mwanzoni ili hata ukiishia hapa kusoma uwe umelipata. Ila sikukujibu kwa mstari mmoja kwa sababu yule aliyerekodi sauti hakubuni yote. Kirusi cha homa ya ini B kinabadilika kweli. Kinabadilika kila siku, ndani ya kila mtu aliye nacho. Suala ni kwamba kinabadilika wapi, kwa nini, na mabadiliko hayo yanatudhuru vipi. Hapo ndipo sauti ile ilipokudanganya.

Nianze na kirusi chenyewe. Ni kidogo ajabu. Maelekezo yake yote ya kuishi yameandikwa kwa herufi za kijeni zipatazo 3,200 tu, wakati za binadamu ni kama bilioni 3. Kikishaingia kwenye chembe ya ini kinajinakili, na kimeng'enya kinachofanya kazi ya kunakili hakirudi nyuma kuangalia makosa. Kikikosea herufi, kosa linabaki. Sasa chukua mtu ambaye ugonjwa umemchachamaa: mwilini mwake vinaweza kuzaliwa virusi zaidi ya bilioni 100 kwa siku moja. Makosa hayakosekani humo.

Lakini kirusi hiki kina kizuizi ambacho wengi hawakijui. Nimekulia kwenye nyumba ya wasuka mikeka, kwa hiyo nitaeleza kwa mkeka. Herufi zake ni chache mno hata baadhi yake zinasomwa mara mbili: herufi zilezile zinazotengeneza vazi la nje la kirusi zimo pia ndani ya maelekezo ya kile kimeng'enya cha kunakili. Ni kama ukindu mmoja unaopita kwenye maua mawili ya mkeka. Ukiubadilisha rangi ili kupamba ua la juu, ua la chini nalo linabadilika, na pengine linaharibika. Kwa hiyo makosa mengi yanakiua kirusi chenyewe au yanakidhoofisha. Yanayobaki ni yale machache yaliyokipa nafuu mahali fulani. Ushike mfano huo wa ukindu, nitaurudia nikifika kwenye dawa.

Sasa chanjo. Tunachochomwa si kirusi. Ni kipande cha vazi lake la nje tu, kilichotengenezwa kiwandani kwa kutumia hamira, hakina uwezo wa kumuambukiza mtu. Mwili unaonyeshwa vazi, unajifunza kulitambua, unaweka kingamwili zikae macho. Sisi wa pwani hili tunalielewa haraka, maana mtu tunamjua kwa kanga yake tangu yuko mbali. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Kwenye vazi la kirusi kuna sehemu ndogo ambayo kingamwili nyingi huishikilia zaidi, na hiyo ndiyo nitaiita jina la kanga.

Mwaka 1990 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha habari ya mtoto mmoja wa Italia. Mama yake alikuwa na kirusi. Mtoto alichanjwa, akapewa na sindano ya kingamwili zilizo tayari, yaani alihudumiwa ipasavyo. Pamoja na hayo akaambukizwa. Walipokichunguza kirusi chake wakakuta kwenye lile jina la kanga, nafasi ya 145, asidi amino moja imeondoka na nyingine imekaa mahali pake. Moja tu. Kingamwili zilizozoea kusoma jina hilo zikapita bila kumshuku mtu. Kirusi cha namna hiyo wataalamu wanakiita kilichotoroka chanjo, na sauti ya kwenye grupu lenu inasimulia hapo na kunyamaza hapo.

Kilichoendelea ndicho ninachotaka ukijue. Kanga si jina peke yake. Mwili uliochanjwa vizuri, dozi zote, unajua na pindo na mji. Sokwe waliochanjwa kwa chanjo ya kawaida, kisha wakachomwa kirusi chenye badiliko hilohilo la 145, hawakuambukizwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999. Wanaoambukizwa licha ya chanjo ni hasa watoto waliozaliwa na mama mwenye virusi vingi sana damuni, kwa kuwa wao wanakutana na mafuriko siku ileile ya kuzaliwa, kabla mwili haujajifunza lolote.

Na kuna Taiwani. Naipenda habari ya Taiwani kwa sababu inamjibu yule bwana wa sauti kwa hesabu. Mwaka 1984 Taiwani walianza kuwachanja watoto wachanga wa mama wenye kirusi, na kutoka mwaka 1986 wakachanja wote. Mwaka walioanza, watoto 9.8 katika kila 100 waliopimwa jijini Taipei walikuwa na kirusi. Mwaka 1994 walibaki 1.3. Watafiti walewale wakawaangalia hao waliobaki, ni wangapi wana kirusi kilichobadilika kwenye lile jina la kanga. Mwaka 1984 walikuwa asilimia 7.8 ya walioambukizwa. Mwaka 1994 wakafika asilimia 28.1.

Ukimpa mtu mwenye nia mbaya namba hizo mbili za mwisho, atakurekodia sauti ya dakika tano: "Kutoka saba mpaka ishirini na nane! Chanjo inazalisha virusi sugu!" Wewe chukua kalamu ukae chini. Tuchukulie watoto 1,000. Mwaka 1984 walioambukizwa ni 98, na asilimia 7.8 ya 98 ni kama watoto 8. Mwaka 1994 walioambukizwa ni 13, na asilimia 28.1 ya 13 ni watoto wasiozidi 4. Kwa hiyo hata kirusi kilichobadilika kimepungua kwa nusu. Asilimia imepanda kwa sababu kile cha kawaida kimefyekwa hata kilichobadilika kikaanza kuonekana. Na saratani ya ini kwa watoto wa Taiwani wa miaka 6 hadi 14 nayo ilishuka kwa karibu nusu, kutoka 0.70 kwa kila watoto 100,000 kwenye miaka ya 1981 hadi 1986, mpaka 0.36 kwenye miaka ya 1990 hadi 1994. Ile ilikuwa mara ya kwanza dunia kuona chanjo ikizuia saratani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, badiliko la kirusi linawapa kazi wataalamu kweli, ya kufuatilia na kuboresha. Kwetu sisi tatizo kubwa liko kwingine. Watoto wetu Tanzania wamekuwa wakipata chanjo hii ndani ya ile ya pamoja, kwenye wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na utaratibu huo umeokoa wengi tangu miaka ya 2000 mwanzoni. Lakini mtoto anayeambukizwa na mama yake huambukizwa wakati wa kuzaliwa. Wiki ya sita inamkuta kirusi kimeshahamia. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa kubaki nacho maisha yake yote ni kama 9 kwa 10, wakati mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, chini ya 1 kati ya 20 ndiye anayebaki nacho. Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kwa ripoti yake ya mwaka 2024, katika kanda ya Afrika ni watoto 18 tu kati ya 100 wanaoipata, na kanda hiyohiyo ndiyo inayobeba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya dunia. Mimi hili linaniuma kuliko badiliko lolote la herufi. Ukiwa mjamzito, uliza kliniki mapema kabisa: kipimo cha homa ya ini B nimefanyiwa? Mwanangu atapata dozi ya siku ya kwanza hapa, au nitafute wapi? Na ukikutwa nacho, kuna dawa ya tenofoviri inayoweza kutolewa kwenye ujauzito ili kupunguza virusi visimfikie mtoto. Usione haya kuitaja kwa jina. Na ukijifungua, nyonyesha.

Sasa niende kwenye barua ya pili, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo sisi wenyewe tunapokipa kirusi nafasi ya kubadilika.

Binti mmoja, sitasema wa wapi, alipata kazi Uarabuni. Akaenda kwenye vipimo vya safari, majibu yakatoka ana homa ya ini B, safari ikafa palepale. Wengi wetu tunaligundua tatizo hili siku hiyo, kwenye kaunta, na mkoba umeshanunuliwa. Akaambiwa na rafiki kwamba kuna vidonge vinaitwa lamivudini, anywe miezi mitatu "asafishe damu", kisha akapime kwingine. Amekunywa, akaacha, sasa ananiuliza aanze tena au aongeze dozi.

Mdogo wangu mpenzi, simamisha hapo. Kwanza, vidonge hivyo havifuti kile kitu kinachotafutwa na kipimo cha safari. Kipimo kinatafuta lile vazi la nje, na dawa za vidonge zinazuia kirusi kunakiliwa, hazivui vazi. Ndani ya kiini cha chembe ya ini kirusi kinaacha nakala yake ya akiba, imejikunja kama uzi ulioshonwa pande zote mbili, na hakuna kidonge cha leo kinachoifikia. Kwa hiyo miezi mitatu haikusafishi. Ungekunywa mwaka mzima, karibu bila shaka kipimo kingesema lilelile.

Pili, kuacha ghafla kunaweza kukiamsha kirusi kwa hasira, ini likavimba, macho yakageuka manjano, na wapo waliopoteza maisha hivyo. Usianze tena kwa kubahatisha wala usiongeze dozi. Nenda hospitali ukapime utendaji wa ini na wingi wa virusi, na umwambie daktari ukweli wote: ulikunywa nini, tarehe gani, uliacha lini. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Ile historia ya miezi mitatu inaweza kubadilisha dawa atakayokuchagulia.

Na kwa nini ibadilishe? Turudi kwenye ukindu. Lamivudini ilipoanza kutumika kwa homa ya ini B mwishoni mwa miaka ya 1990 ilionekana muujiza: virusi vinashuka, mgonjwa anapata nguvu. Lakini ilikuwa ikitolewa peke yake. Kirusi kinahitaji kosa moja tu, kwenye nafasi ya 204 ya kimeng'enya chake, kuweza kuikwepa. Baada ya mwaka mmoja wagonjwa kama 2 kati ya 10 walikuwa na kirusi sugu. Baada ya miaka mitano walifika kama 7 kati ya 10. Kwa wale waliokuwa na VVU pia, usugu ulikimbia zaidi: kwenye mwaka wa nne karibu 9 kati ya 10.

Sisi tuliuona usugu huo hapahapa Afrika Mashariki, ingawa haukutangazwa. Dawa za kufubaza VVU zilipoanza kugawiwa bure miaka ile ya 2004 na kuendelea, kidonge kilichosambaa kilikuwa na stavudini, lamivudini na nevirapini ndani yake. Kiliokoa maisha ya ndugu zetu wengi, na wala silalamiki juu yake, hakukuwa na kingine. Ila kati ya dawa zile tatu, moja tu ndiyo iliyokuwa na nguvu juu ya homa ya ini B, nayo ni lamivudini. Mwenye VVU na homa ya ini B kwa pamoja, na mara nyingi hakuwahi kupimwa hiyo ya pili, alikuwa anatibiwa ini kwa dawa moja bila yeye wala daktari wake kujua. VVU vilikuwa vinashuka, kirusi cha ini kilikuwa kinajifunza kuruka ukuta.

Na kumbuka maua mawili ya mkeka. Herufi zinazokipa kirusi usugu wa dawa ni zilezile zinazopita kwenye vazi lake. Kuna mkusanyiko wa mabadiliko ya usugu wa lamivudini ambao, ukitokea, unabadilisha na sura ya nje kiasi kwamba kingamwili za chanjo hukishika kwa shida. Yaani mtu aliyekunywa dawa vibaya chumbani kwake anaweza kukuza kirusi chenye nafuu mbili, moja juu ya dawa na nyingine juu ya kinga. Hilo halimhusu yeye peke yake, linamhusu mume, mke, mtoto, na mhudumu atakayemchoma sindano.

Tenofoviri ndiyo iliyotuokoa hapo. Wagonjwa waliofuatiliwa kwenye majaribio kwa miaka minane wakiitumia hawakuonyesha usugu, na inafanya kazi hata kwa aliyeharibikiwa na lamivudini. Iko ndani ya kidonge kinachotumiwa sana sasa na wenye VVU Tanzania na Kenya, kile chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kama unakitumia na una homa ya ini B pia, kidonge kimoja kinakulinda pande zote mbili, kwa hiyo kila siku unayoruka umeruka mara mbili. Na siku daktari akitaka kukubadilishia dawa, kwa figo au kwa sababu nyingine, mkumbushe kwa mdomo wako: "Daktari, nina homa ya ini B pia." Mwambie hivyo hata faili liko mezani. Zile sindano za muda mrefu za kabotegraviri na rilpivirini zinazosifiwa hazina kazi yoyote kwa homa ya ini B. Ukihamia huko bila kulindwa ini, umelitelekeza.

Na jambo la kugawana vidonge, wadogo zangu, naomba tuliache. Najua linafanyika kwa upendo. Dada kaishiwa, unampa vyako kumi. Mjomba macho ya manjano, unamkatia vya jirani. Nilipokuwa kijana shemeji yangu aliletewa vidonge vya namna hiyo, akapata nafuu, akaacha, akapewa tena na mtu mwingine. Aliporudi kulala wodini, alikuwa na ini lililojaa makovu. Tulikuwa tunampenda. Hakuna aliyemtakia mabaya.

Kuna badiliko la tatu ambalo halisemwi kwenye magrupu, nalo ndilo linalochanganya majibu yetu ya maabara. Kirusi kinapojinakili kwa kasi huwa kinamwaga damuni protini fulani inayoitwa antijeni e. Kwa miaka mingi madaktari waliitumia kama moshi: ukiuona, moto unawaka, usipouona, moto umetulia. Mwaka 1989 watafiti wakaeleza kirusi, kwa wagonjwa wa Ugiriki, ambacho herufi moja kwenye nafasi ya 1896 imebadilika na kuweka alama ya "simama" katikati ya maelekezo ya antijeni e. Moshi ukazimwa, moto ukaendelea kuwaka. Mgonjwa anaambiwa "e ni hasi, uko salama," na ini linaendelea kuungua.

Kwetu pwani na bara la Afrika Mashariki aina ya kirusi iliyoenea zaidi ni ile ya A. Afrika Magharibi wana E. Zipo kumi kwa jumla, toka A mpaka J, na chanjo yetu inazikinga zote. Hiyo A yetu ina umbile ambalo lile badiliko la 1896 haliishi humo kwa raha, kwa hiyo si la kawaida sana kwetu. Lakini ina mabadiliko yake mengine yanayopunguza au kuzima antijeni e, na wengi wetu tunapoteza alama hiyo tukiwa bado vijana. Kuna na jozi ya mabadiliko, nafasi ya 1762 na ya 1764, ambayo imeonekana mara nyingi zaidi kwa watu wanaoishia kwenye makovu ya ini na saratani. Sikuandikii namba hizi uzikariri. Nakuandikia ili ukipewa karatasi yenye "e hasi" usicheze ngoma. Uliza: wingi wa virusi vyangu ni kiasi gani? Vimeng'enya vya ini vikoje? Wingi wa virusi siku hizi unaweza kupimwa hata kwa mashine za GeneXpert, zilezile zinazopimia kifua kikuu, mahali ambapo wameleta katriji zake. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 umefungua mlango wa matibabu kwa watu wengi zaidi kuliko zamani: ukiwa na dalili za makovu kwenye ini, au VVU, au ndugu wa damu aliyeugua saratani ya ini, hayo yanahesabika. Kama uliambiwa miaka ya nyuma "huhitaji dawa bado", rudi ukaulize tena.

(Wenye kirusi hiki, nawaomba pia mchambue mahindi na karanga zenu. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, huharibu jeni ya mtu mwenyewe inayozuia saratani, na ikikutana na homa ya ini B kwenye ini moja hatari inazidishwa mara nyingi. Punje iliyoota ukungu usimpe kuku wala usiipeleke kwenye mashine. Tupa.)

Neno juu ya kipimo cha haraka. Kile cha kudondoshea tone la damu kinatafuta vazi la kirusi, na vazi likibadilika sana baadhi ya vipimo huweza kulipita. Ni mara chache. Lakini kama mama yako na kaka zako wanacho, au ini lako linaonyesha shida isiyoeleweka, na kipimo kimesema huna, omba kipimo cha kingamwili za kiini cha kirusi. Hicho kinaonyesha kama mwili uliwahi kukutana nacho. Wanaochangia damu wasiwe na hofu, endeleeni, Damu Salama wanapima kila chupa. Ila ukiwa unajijua unacho, usichangie kwa kuona aibu mbele ya wenzako wa kazini.

Mtu mwenye homa ya ini B usimtengee sahani. Hakiambukizi kwa chakula, kwa kushikana mikono, wala kwa kulala chumba kimoja. Kinapita kwenye damu na kwenye ngono. Kinachotengwa ni wembe, mswaki, sindano, mkasi wa kucha. Na damu iliyodondoka ipanguswe kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu nje ya mwili kirusi hiki kinaweza kubaki hai siku 7. Mume au mke na watoto wapimwe, asiye nacho achanjwe. Mimi nimeona ndoa ikivunjwa na karatasi ya maabara wakati dozi tatu zingetosha kulinda nyumba nzima.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na kirusi hiki mwaka 2022, na mwaka huohuo kiliua watu milioni 1.1. Wanaojijua ni 13 tu kati ya 100. Wanaopata dawa ni 3. Kila mmoja wa hao wengine ni mwili ambamo kirusi kinanakiliwa usiku na mchana, kikikosea herufi, kikijaribu bahati yake. Hapo ndipo kinapobadilikia, mdogo wangu wa Tanga, kwenye ini la asiyepimwa na la anayemeza dawa nusunusu. Kwenye bega lako lililochanjwa hakibadiliki, maana hakikupata pa kukaa.

Sasa wewe. Uliambiwa urudi miezi sita baada ya dozi ya kwanza, na inawezekana muda umepita kwa ajili ya ile sauti. Huanzi upya. Dozi mbili ulizopata bado zinahesabika, unaendelea na ya tatu tu. Kama kazi yako ni ya hospitali, mwezi mmoja au miwili baada ya hiyo ya tatu omba wapime kiwango cha kingamwili zako. Ikiwa 10 au zaidi, umekingwa. Tafuta ile kadi, nadhani iko kwenye droo na vyeti vya watoto. Nenda nayo kesho asubuhi kabla jua halijawa kali, na ukishachomwa, nirekodie sauti uitume kwenye lile grupu.